Saa za Pwani, Jua la Kigoma

Julai 2024 Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa kwa uvuvi, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Kwa kupiga picha kutoka angani ilikuwa nafasi adimu: hakuna mtumbwi unaokatiza, hakuna mawimbi ya injini. Ndipo wataalamu waliozoea kupima afya ya matumbawe kule Mafia walipokuja Kigoma, tukajaribu njia yao ya kupiga picha kwa droni kwenye miamba ya ufukweni upande wa Bangwe. Tanganyika ni maji baridi, haina matumbawe. Lakini miamba yake ina kazi inayokaribiana na ya tumbawe: inaotesha mwani, inalisha na kuficha samaki wadogo wa rangi, na ikifunikwa na tope maisha hayo yanapungua.

Vibali vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga vilikuwa mkononi. Ratiba nayo ilikuwa imeshaandikwa: droni iruke saa mbili na dakika tano, itue saa tatu na dakika kumi. Ratiba nzuri sana, kwa Mafia.

Kinachoamua saa ya kuruka juu ya maji ni mng'ao. Jua likiwa juu, mwanga unaodunda usoni mwa maji unaingia moja kwa moja kwenye kamera inayotazama chini, na picha inajaa mabaka meupe ambayo hakuna programu itakayoyafuta. Likiwa chini mno, mwanga hauingii majini vya kutosha. Nafasi nzuri ni jua likiwa kati ya nyuzi 20 na 35 juu ya upeo. Sasa, Kigoma iko magharibi ya Mafia kwa nyuzi kama 10 za longitudo, na kila nyuzi moja ni dakika nne. Saa ya ukutani ni moja nchi nzima, jua linachelewa dakika 40. Kwa Julai, nafasi ile Kigoma inaanza saa tatu kasoro robo na kufungwa saa nne kasoro dakika kumi.

Na hapo bado kilima. Ufuko wetu unatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi jua linatokea mgongoni mwa nchi kavu. Kilele kilichokuwa nyuma yetu kilikuwa na urefu wa mita 40 hivi, umbali kama huohuo kutoka majini. Jua likiwa nyuzi 20, kivuli chake kinafika mita 110. Toa 40 za nchi kavu, maji yaliyofunikwa ni mita 70, yaani karibu ukanda wote wa miamba tuliotaka. Kwenye nyuzi 35 kinabaki mita 17. Kivuli chenyewe si kibaya sana. Kibaya ni mpaka wake, maana picha moja inakuwa na nusu nyeusi na nusu iliyoungua kwa mwanga. Jioni jua lingemulika ufuko vizuri, ila kiangazi upepo wa kusini huwa umeshaamka na maji yamekunjamana. Tukangoja hadi saa tatu na nusu. Zilibaki dakika 20, ambazo ni betri moja.

Droni ilikuwa Phantom 4 Pro, kamera ya megapikseli 20. Ikiwa mita 60 juu ya maji, pikseli moja inafunika sentimita 1.6, na picha nzima kama mita 90 kwa 60. ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, shata ikifunguka kwa 1/800 ya sekunde, mizani ya rangi nyeupe imefungwa kwenye hali ya jua, fokasi imefungwa kabla ya kuruka. Fokasi ikiachwa ijitafute juu ya maji, inahangaika na kila kiwimbi. Kila picha ilirudia sehemu ya jirani yake, asilimia 85 kwenda mbele na 80 ubavuni, ili programu iweze kuziunganisha: picha moja kila mita 9, mistari ya kuruka ikiachana mita 18, mwendo wa mita 4 kwa sekunde. Droni hupima kimo kuanzia ilipoinukia. Ukiirusha kutoka juu ya genge la mita 15 ukaiambia 60, juu ya maji iko 75, na hesabu ya pikseli imeharibika. Tuliirusha kwenye changarawe, hatua chache kutoka majini.

Mistari nayo iligeuzwa. Mafia, kwenye mwamba mpana wenye kina kidogo, waliruka sambamba na ukingo wa mwamba. Huku ziwa linazama ghafla. Mstari wa nje kabisa ungekuwa buluu tupu, na programu haiwezi kuunganisha picha zisizo na kitu cha kushika. Tukaipanga mistari ikate ufuko, kila mmoja uanzie nchi kavu penye miti na mawe. Picha za mwisho za buluu zilitupwa bila kusumbua nyingine. Ili kuwe na alama zinazoonekana kwenye picha, nchi kavu tuliweka vibao vyeusi na vyeupe vya sentimita 50, na majini vigae vyeupe vya sakafuni vilivyogandamizwa kwa mawe.

Mwewe wawili walikuja dakika ya sita. Wanashambulia kutoka juu, hivyo rubani akaipandisha wima mpaka walipochoka, kisha akarudi kwenye mstari.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa amekaa pembeni muda wote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo inatafuta nyavu za kokoro?"

"Hapana mzee, inapiga picha mawe."

"Mawe yamefanya nini?"

Swali la haki kabisa, na jibu halikuwa kwenye droni. Ramani ambayo kompyuta iliiunganisha kutoka kwenye picha hizo ilipotoka mchana ilikuwa safi kuliko tulivyotarajia, ila vina vilikuwa vya uongo. Mwanga hupinda unapotoka majini, kina kinaonekana kifupi. Kompyuta ilitoa mita 2.2 mahali ambapo bildi, kamba yenye uzito ya kupimia kina, ilikuwa imegusa chini kwenye mita 3 kasoro kidogo. Kuzidisha kwa 1.34 kunarekebisha sehemu kubwa, na kinachobaki kwa sehemu kinatokana na mawimbi.

Rangi haikurekebishika. Mwamba wenye mwani safi na mwamba wenye tope laini, vyote kutoka mita 60 ni kahawia hafifu. Wenzetu wa pwani walicheka. Ndilo tatizo lao la miaka yote. Tumbawe lililopauka linaonekana jeupe angani, na hapo bado liko hai. Likifa, baada ya wiki kadhaa mwani unalivika, na kwenye picha linafanana tena na tumbawe zima la kahawia. Anayeruka kwa kuchelewa anaweza kuandika kwamba mwamba umepona.

Kwa hiyo tuliingia majini na miwani na fremu za bomba la plastiki, sentimita 50 kwa 50. Fremu inalazwa juu ya mwamba, kamera ndogo inashikwa sentimita 60 juu yake, kadi ya rangi ikiwa pembeni kwa sababu wekundu hupotea haraka majini. Picha kwanza, kidole baadaye. Ukipangusa na wingu likainuka, ni tope. Ukihisi utelezi na kitu kisibanduke, ni mwani. Kila picha inawekewa pointi 50 za bahati nasibu kwenye kompyuta, na mtu anataja kilicho chini ya kila pointi.

Yule mzee ndiye aliyetuonyesha pa kuongeza fremu. "Nendeni pale korongo linaposhukia. Tangu walime kule juu, mawe yamevaa vumbi." Kwenye ramani sehemu ile haikuwa na tofauti yoyote na majirani zake. Chini ya kidole, tope lilikuwa la milimita kadhaa.

Kwenye ramani ya mwisho tuliunganisha aina mbili kuwa moja, "mwamba wenye utando", na uwiano wa mwani na tope ukaachiwa fremu. Ziwa hupanda na kushuka kwa msimu, kwa hiyo kabla ya kuondoka tulipiga mstari wa rangi ya mafuta kwenye mwamba mkubwa, tukapima kutoka hapo hadi usoni mwa maji na kuandika kipimo kwenye jina la faili, pamoja na saa ya kuruka na urefu wa jua.