Tumerudi kwa barabara, nyumba kwa nyumba

Watu wengi wa Minnesota wakikimbia baridi hupanda ndege. Saa chache tu wako Texas, na kurudi vivyo hivyo. Mimi na mke wangu mwaka huu tulikwenda kwa gari, na sababu haikuwa nauli. Kutoka Galveston, Texas, hadi kwetu Brooklyn Park, Minnesota, ni maili karibu 1,300, zaidi ya kilomita 2,000, na humo njiani wamekaa watu wetu: dada yangu Houston, kaka wa mke wangu Dallas, mjane wa rafiki yangu Wichita, majirani zetu wa zamani Des Moines. Ukipanda ndege unawaruka wote.

Galveston tulikaa wiki tatu, tukamalizia Ramadhani huko. Mimi ni mtu wa Tanga, na miaka ishirini na mbili ya kuishi kwenye maziwa ya maji baridi haijaniondolea kiu ya bahari. Kwa kweli maji ya pale ni ya kahawia, hayana uzuri wa Raskazone, lakini harufu ni ileile. Asubuhi nilitembea juu ya ukuta wa bahari, ule ulioanza kujengwa mwaka 1902, baada ya tufani ya Septemba 1900 kuua watu wasiopungua 6,000. Jioni tulipanda pantoni ya kwenda rasi ya Bolivar, ng'ambo, ambayo haina nauli, tukasimama mbele kama wavukao Pangani kwenda Bweni. Jua likizama tunafungua kwa tende humohumo chomboni, ndege wari wakipita chini chini juu ya maji, kisha tunarudi.

Siku ya kuondoka niliamkia kwa wavuvi. Nikanunua kungu wanane na kamba ratili kumi, nikawapanga kwenye deli kubwa, barafu chini na barafu juu. Huwezi kubisha hodi mikono mitupu, na kwa mtu anayeishi Kansas au Iowa, samaki aliyetoka baharini juzi ni zawadi kuliko kitu chochote cha dukani.

Idd tuliisali Houston. Dada alipika pilau, watoto wake wakatuzunguka kwa ajili ya mkono wa Idd, nyumba ikajaa watu wa Tanga, Pemba na Mombasa hadi usiku. Dallas tulilala usiku mmoja tu kwa shemeji. Tulimwachia kungu wawili, naye akatubadilishia barafu.

Baada ya Dallas ni barabara kuu ya I-35 hadi nyumbani. Ukivuka mto Red River kuingia Oklahoma udongo unageuka mwekundu kama wa njia ya kupanda Lushoto, na mke wangu akalala. Mimi nikabaki na usukani na lile nililokuwa nikiliogopa, yaani Wichita.

Rafiki yangu tulisoma naye shule ya Usagara, Tanga, dawati moja. Alitangulia kuja Marekani kusoma Wichita, akapata kazi kiwanda cha ndege, akaoa, akabaki hukohuko. Alifariki Januari, miaka miwili iliyopita. Kwa desturi yetu maiti hailazwi. Alizikwa kesho yake. Siku hiyo kwetu kulikuwa na dhoruba ya theluji, ndege zimefutwa, barabara zimefungwa. Nilituma rambirambi kwa simu. Nikaangalia maziko kwenye simu, picha ikikatika kila upepo ukivuma. Nikasema nitakwenda. Mjane akaingia eda, akatoka eda baada ya miezi minne na siku kumi, mimi bado nasema nitakwenda. Zamu za kazi, baridi, ada za watoto. Sababu zote zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyotosha.

Hili linaniuma, na naliona kwa wengi wetu huku. Tumezoea kuchanga. Mtu akifa, ndani ya saa chache kundi la simu limejaa majina na kiasi, na kuchanga ni jambo jema, limewazika watu wetu wengi kwa heshima. Lakini tumefika mahali tunadhani ukishatuma pesa umeshahani. Mfiwa anabaki na akaunti iliyojaa na sebule isiyo na mtu.

Tulifika alasiri. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Oklahoma. Mlango ulipofunguka yakapotea yote.

"Shemeji," akasema, "leo ndiyo umekuja?"

"Tumechelewa, shemeji. Tumekuja kuhani."

"Tumeshapoa. Karibuni ndani."

Hakututandikia chakula kwanza wala hakutukalisha kwenye makochi. Alitandika mkeka, tukaketi chini, mke wangu akamshika mkono. Tukamsomea marehemu Fatiha. Kisha akaanza kusimulia siku ile ya mwisho, tangu asubuhi, uji alioubakisha, viatu alivyoviacha mlangoni, na sisi tukawa tunasikiliza tu. Alisimulia kwa zaidi ya saa nzima. Mwanawe wa kiume, ambaye sasa ana sauti nzito kama ya baba yake, alikuja akakaa pembeni, na baadaye mama yake akatuambia mengine kijana alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza, kwa sababu hakukuwa na mgeni wa kusimuliwa.

Usiku alipika wale kungu kwa nazi. Asubuhi kijana alinipeleka makaburini, nje ya mji. Upepo wa Kansas haupumziki. Nyasi juu ya kaburi zimeshashika vizuri. Nilikaa pale nikamweleza mwenzangu habari za Tanga, nani amefariki, nani amejenga, na kwamba timu yetu ya Coastal bado tunaishabikia.

Tulipokuwa tunapakia mizigo, shemeji akaliomba deli. Akalirudisha zito. Kamba waliobaki amewawekea barafu mpya, na juu yake kuna maandazi na chupa tatu za achari ya ndimu, ndimu za duka la Wamexico karibu na kwake. Chombo cha mgeni hakiondoki kitupu, hata Wichita.

Jioni hiyo tulipita vilima vya Flint Hills, hukohuko Kansas. Huo ndio msimu wafugaji wanapochoma majani makavu ili yachipue mapya kwa ajili ya ng'ombe, na vilima vilikuwa na mistari ya moto hadi macho yanapofika. Tulisimama kituo cha mapumziko. Moshi ule wa nyasi ninaujua. Ndio wa Handeni kabla ya mvua.

Des Moines tulikula mchana kwa wale majirani, watu wa Bukavu, waliohamia Iowa kufuata kazi ya kiwanda cha nyama. "Karibuni, mukae," wanasema, na kisamvu chetu kwao ni sombe. Kamba wote wakaishia hapo.

Ukitoka Des Moines ukapita Ames, unaanza kuiona baridi ilikojificha. Theluji nyepesi ilianza, malori yakaturushia tope la chumvi kiooni, nami nikavuta waipa, haikutoka hata tone. Maji niliyojaza Texas ni ya nchi ya joto. Yalikuwa yameganda kwenye bomba. Nikaingia sheli ya kwanza, nikafuta kioo kwa kitambaa na kununua galoni ya maji ya waipa ya msimu wa baridi, yasiyoganda. Anayesafiri kurudi kaskazini abadilishe maji hayo mapema, Kansas City hivi, asingoje kama mimi.

Nyumbani tulifika saa nne usiku. Nikapiga simu kwa mpangilio wa njia: Houston, Dallas, Wichita, Des Moines. Wa Wichita ndiye aliyekawia kukata. Aliuliza kama achari imefika bila kumwagika. Imefika, nikamwambia. Akauliza likizo ijayo ni lini. Mke wangu akaichukua simu, wakaanza kuhesabu miezi.