Siku nilipopakuliwa chakula

Juzi kaka ametuma kwenye kundi la familia bajeti ya matanga ya mjomba. Turubai, sahani za kukodi, mchele kilo 100, ng'ombe mmoja, mafuta, kuni, ujira wa wapishi. Mjane hajamaliza hata juma ndani ya eda na tayari anaulizwa ufunguo wa stoo uko wapi. Nimetuma mchango wangu kama kawaida. Usingizi ndio haukuja. Usiku kucha nilikuwa namfikiria bibi wa Brookline, mzee wa Kiyahudi niliyekuwa nikilipwa kumtunza kule Marekani.

Ndiye aliyenifundisha kutenganisha vyombo vya nyama na vya maziwa, kama dini yao inavyotaka, mpaka mikono ikawa inajua yenyewe. Alifariki Jumapili alfajiri, mimi nimekaa pembeni ya kitanda. Nikampigia binti yake, binti akapiga sinagogi, nyumba yao ya ibada, na kuanzia hapo mambo yakaenda kwa kasi niliyoizoea nyumbani. Nilikuwa nimekaa Marekani vya kutosha kuona maiti akilazwa kwenye jokofu siku nyingi mpaka ndugu wapate ruhusa kazini. Wayahudi hawangoji. Jumatatu mchana tulikuwa makaburini, Baker Street, kule West Roxbury.

Walimwosha wanawake wa chama cha mazishi cha sinagogi, kwa kujitolea. Wanawake huosha mwanamke, wanaume huosha mwanamume. Wanamimina maji mfululizo bila kuyakata, kisha wanamvika sanda nyeupe isiyo na mfuko. Usiku ule mtu alikaa naye akisoma Zaburi ili maiti asiachwe peke yake. Sanduku lilikuwa la mbao tupu, bila chuma chochote. Binti alinieleza yote haya ndani ya gari, polepole, akidhani ni mageni kwangu. Nikamwambia, dada yangu, ukiondoa hilo sanduku umenieleza Tanga.

Makaburini nilisimama nyuma. Kwetu wanawake hatuendi kuzika. Nimefiwa na wengi, lakini mlio wa udongo unapoangukia mbao nilikuwa sijawahi kuusikia. Jeneza la Myahudi lilipopita, Mtume alisimama, na alipoambiwa huyo ni Myahudi akauliza: kwani si nafsi? Nikashika hilo, nikasimama mpaka mwisho. Binti alichota udongo wa kwanza kwa mgongo wa koleo, kuonyesha kwamba kazi hii hakuna anayeiharakia. Kisha akalichomeka udongoni, kaka yake akaling'oa mwenyewe, maana koleo hilo hawapokezani. Walipomaliza, watu wakajipanga safu mbili, wafiwa wakapita katikati wakiombewa Mungu awafariji pamoja na wote wanaoomboleza Sayuni na Yerusalemu.

Nyumbani tulikuta jagi la maji mlangoni, tukanawa kabla ya kuingia. Vioo vilikuwa vimefunikwa mashuka. Mshumaa wa siku saba ulikuwa unawaka.

Mimi nikaenda moja kwa moja jikoni. Ningekwenda wapi kwingine? Nikafungua kabati, nikatoa sahani, nikawa natafuta upawa. Wanawake watatu wa sinagogi walikuwa wameshafika na vyakula vyao, kwa sababu mlo wa kwanza baada ya kutoka kuzika mfiwa hali chakula cha nyumbani kwake. Lazima kiletwe na wengine, ndivyo sheria yao inavyotaka. Mmoja wao, mama mwenye mvi aliyekuwa akija kumsomea bibi gazeti, akanishika mkono.

"Weka."

Nikadhani nimechukua sahani za maziwa. Nikatazama, hapana, zilikuwa zenyewe.

"Sahani ni sawa," akasema. "Ila wewe leo hukai huku."

Akaniongoza hadi sebuleni. Binti na kaka yake walikuwa kwenye viti vifupi, nguo zao zimechanwa kifuani upande wa moyo. Karibu nao paliwekwa kiti cha kawaida, nikakalishwa hapo. Yule mama akarudi na sahani yenye yai la kuchemsha lililomenywa, adesi kidogo na kipande cha mkate, akaniwekea mapajani. Nikamnong'oneza kwamba mimi si mfiwa, mimi ni mfanyakazi. Na nilisema kweli. Wanaokaa matanga kwa sheria yao ni waliofiwa na baba, mama, kaka, dada, mtoto wa kiume, mtoto wa kike, na mume au mke. Anayelipwa kumtunza mgonjwa hayumo.

Akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Najua. Lakini bibi alituambia. Alituambia mama yako alifariki mwaka jana, na hukukaa."

Mama alipofariki simu ilinikuta huku. Ilikuja usiku, na kabla hakujapambazuka nilikuwa kwenye basi, kwa kuwa ofisi iliyoniajiri ilisema hakuna wa kushika zamu yangu. Nauli ya kwenda Tanga sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo wangeshazika. Bibi aliniona ninavyokoroga uji, akauliza ni nani amekufa. Nikamwambia. Akanishika mkono, akaniambia nizime jiko, tukakaa. Nilidhani habari ile iliishia palepale jikoni kati yetu wawili. Kumbe aliifikisha kwa wenzake, wakaitunza.

Nikalichukua yai. Lilikuwa bado vuguvugu, limemenywa vizuri, halina hata mkwaruzo. Mle chumbani watu walijaa na hakuna aliyefungua kinywa. Kwao anayekuja kuhani hasemi mpaka mfiwa aanze mwenyewe. Kwetu ukiingia tu msibani unaanza: poleni, ni kazi ya Mungu, kwani alikuwa anaumwa nini? Pale walikaa tu. Baadaye niliambiwa kwamba adesi huliwa siku hiyo kwa sababu haina mdomo. Kunde ina alama ubavuni, adesi imefunga pande zote, na mfiwa naye hana la kusema. Wakati ule sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba watu wananisubiri nile na hakuna mwenye haraka. Nikauma, tonge likakwama. Binti akanisogezea glasi ya maji bila kunitazama. Hapo nikalia. Nilianza kumlilia bibi, katikati nikajikuta namlilia mama, kwa sauti, kwa Kiswahili, na hakuna aliyeniambia nyamaza.

Siku zilizofuata zilienda upesi. Kwenye mlango wa friji palibandikwa karatasi ya zamu, nani analeta chakula cha jioni ipi. Kila jioni lazima wapatikane watu wazima kumi ndipo wafiwa waweze kusema Kadishi, dua yao ya msiba, na sinagogi lile linahesabu wanawake kwa wanaume. Mara moja walikuwa tisa, jirani akaitwa, akaja na viatu vya ndani. Dua yenyewe haitaji kifo hata mara moja. Ni kumtukuza Mungu tangu mwanzo hadi mwisho.

Jioni moja rabi, kiongozi wao wa dini, alisimulia habari iliyomo katika Talmudi, kitabu cha mafundisho ya marabi wa kale. Zamani matajiri walipelekewa chakula cha msiba kwa vikapu vya fedha na dhahabu, maskini kwa vikapu vya fito, na maskini wakaona aibu. Ikaamriwa wote wapelekewe kwa vikapu vya fito. Gharama za maziko nazo zilikuwa zikiwaumiza jamaa kuliko kifo chenyewe, hata wengine wakamwacha maiti wakakimbia. Ndipo Rabani Gamlieli, mtu mkubwa kati yao, akataka azikwe kwa kitani cha kawaida, na watu wote wakafuata.

Jana nilimsimulia kaka. Akasema hayo ni ya Wayahudi. Nikamkumbusha ya kwetu, kwamba Jaafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume, alipouawa katika vita vya Muta, Mtume aliwaambia watu wawapikie jamaa wa Jaafar, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Akanyamaza kidogo. "Hilo nalijua, dada. Lakini watu wanaotoka Pangani na Muheza watakula wapi?" Nikakosa jibu. Watu wanasafiri kweli, na kumrudisha mgeni na njaa si tabia yetu. Ila moyo wangu unakataa kwamba ufunguo wa stoo lazima utoke kwa mjane. Majirani wapo, na masufuria wanayo.

Siku ya saba asubuhi waliinuka, wakavaa makoti, wakauzunguka mtaa, nami nikaenda nao. Matanga yakawa yameondolewa. Binti aliendelea na Kadishi miezi 11, kama mtoto anavyomfanyia mzazi. Mwaka ulipokaribia akaniandikia kwamba sinagogini husoma majina ya waliofariki majira hayo, na kama ninaridhia angependa la mama yangu lisomwe pamoja na la bibi. Alitaka jina la mama na la baba yake mama, maana wao humwita marehemu fulani binti fulani, vilevile tunavyoita sisi kwenye khitma. Ujumbe ule nilikaa nao. Nikaufungua, nikaufunga, nikaufungua tena. Mwishowe nikamtumia majina yote mawili. Shekhe sijamuuliza mpaka leo, na dada zangu sijawaambia.