Injini Nyingine Kwenye Pikapu ya Baba

Njombe, Jumapili usiku

Mikono yangu bado inanuka dizeli, hata baada ya kuisugua kwa sabuni ya unga na mchanga. Lakini pikapu imewaka, imetoka na kurudi, na nataka niandike kabla usingizi haujanichukua.

Ni Hilux ya mwaka 1992, ya marehemu baba. Imebeba viazi kwenda Makambako tangu nikiwa shule ya msingi. Mama alikuwa anaijua kwa mlio. Ikifika tu kona ya kanisa, yeye keshanyanyuka kufungua geti, baba hajagusa honi. Mwezi wa nne ilinichemshia mlimani na magunia manane mgongoni. Niliposhuka nikakuta moshi mweupe nyuma, na maji ya rejeta yanatoa mapovu kama sufuria ya uji. Silinda hedi, kile kichwa kinachofunika silinda za injini kwa juu, ilikuwa imepasuka.

Wengi walinishauri niiuze kama chuma chakavu. Wengine walisema nikifungua moyo wake, basi niweke 1KZ-TE ya cc 2,982, yenye turbo, nipande milima nikiimba. Ni injini nzuri, sibishi. Ila pampu yake ya dizeli inaongozwa na kompyuta, na kompyuta ina waya zake na sensa zake. Ikizima shambani Uwemba saa moja usiku, nani ataisoma? Nikaamua kuchukua 3L. Injini yangu ya zamani ilikuwa 2L, cc 2,446. 3L ni ndugu yake mkubwa, cc 2,779, bila turbo, bila kompyuta. Inakalia raba zilezile za kushikilia injini na inashika giaboksi ileile. Fundi yeyote wa huku anaweza kuifungua kwa spana na akili yake.

Nilikwenda mwenyewe Gerezani, mtaa wa vipuri Dar es Salaam, kuitafuta. Injini ya kwanza niliyooneshwa ilikuwa imeoshwa ikang'aa, lakini nilipofungua kifuniko cha oili nikakuta utelezi wa rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji na oili vimeshakutana. Nikashukuru nikaondoka. Ya tatu ilikuwa chafu, imetoka kwenye Hiace, oili yake nyeusi na safi kwa maana ya dizeli, na nilipozungusha puli kwa spana nilisikia mgandamizo wa kila silinda ukipishana sawasawa. Nikalipia hiyo, nikadai risiti yenye namba ya injini. Kadi ya gari bado inasoma namba ya zamani, kwa hiyo hiyo risiti ndiyo nitakayopeleka TRA.

Ijumaa tulisimamisha milingoti mitatu uani, tukaifunga juu kwa mnyororo na kuning'iniza cheni bloku ya jirani. Mzee mmoja fundi, aliyekuwa akimtengenezea baba gari, alikubali kuja kukaa kwenye kigoda na kutuelekeza mimi na mdogo wangu. Macho yake hayaoni vizuri tena, lakini masikio yake ni mazima. Injini ya zamani ilitoka kabla ya saa tisa. Ilipoinuka ikining'inia na kuchuruza oili, mdogo wangu aliinama akafuta ile sehemu ambayo baba alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe tarehe ya belti ya taimingi. Hakusema kitu, na mimi sikumuuliza.

Sampo ya Hiace, lile bakuli la oili chini ya injini, haikufaa, umbo lake lingegonga difu ya mbele. Tukahamisha ya zamani pamoja na chujio lake la oili. Belti ya taimingi na pampu ya maji nilinunua mpya, kwa sababu injini ikiwa chini kazi hiyo ni ya saa mbili, na ikiwa ndani ni ya siku nzima. Belti hiyo ikikatika, valvu zinakutana na pistoni.

Jumamosi ndiyo ilitutoa jasho. Shafti ya giaboksi inatakiwa iingie katikati ya pleti ya krachi, meno kwa meno, huku injini inaning'inia. Ilibaki nafasi ya upana wa kidole kimoja, ikagoma. Nikachukua bolti ndefu ili niivute kwa kuikaza. Mzee alisikia mlio wa spana.

"Unafanya nini?"

"Naivuta kidogo, mzee."

"Acha. Isipoingia kwa mkono, usiite bolti. Utapasua giaboksi ya baba yako."

Tukaishusha upande mmoja kwa pingili mbili za cheni. Mdogo wangu akazungusha puli taratibu, mimi nimeegemeza bega kwenye bloku. Robo saa hivi. Kisha ikateleza yenyewe, ikafunga kwa sauti ndogo kama mlango wa kabati. Mzee alitikisa kichwa kukubali kabla sijamwambia.

Usiku wa jana ndipo nilipoelewa kilichoua injini ya kwanza. Nilikuwa nasafisha rejeta, nikabonyeza springi ya kifuniko chake, ikalala bila kurudi. Huku kwetu juu, karibu mita 2,000, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kifuniko kizima hubana mgandamizo ndani, maji yakavumilia joto zaidi. Kilichochoka huyaacha yachemke na kutoroka. Laiti ningefunga injini mpya na kifuniko kile, ningeizika nayo mlima uleule. Nilikaa nimekishika muda mrefu. Ni kitu cha kutosha kiganjani, na nilikuwa nakifungua kila asubuhi.

Leo baada ya ibada tulitoa hewa kwenye dizeli. Unapampu kwa mkono juu ya filta mpaka pakaze, unalegeza nati za paipu kwenye nozeli, unapiga stata mpaka dizeli iruke, unakaza moja moja. Ikakohoa, ikatoa wingu jeupe, ikashika. Mama alipiga kigelegele kutoka jikoni.

Nikaikimbilia furaha hiyo mapema mno. Nilirudi nyuma kuelekea getini, nikakanyaga breki, pedali ikawa ngumu kama jiwe. Mpwa wangu alikuwa amesimama palepale. Nilivuta breki ya mkono nikasimama hatua chache kutoka kwake. Injini ya dizeli ya namna hii haivuti hewa ya kusaidia breki kama ya petroli. Kazi hiyo inafanywa na pampu ndogo nyuma ya alteneta, na paipu yake nilikuwa nimeiacha inaning'inia. Nimeirudisha, nimeifunga klempu mbili. Lakini mikono ilinitetemeka mpaka jioni, na mtoto sikumwachia mpaka mama yake alipomchukua.

Jioni nikaipeleka mpaka barabara kuu, mzigo wa gunia mbili tu. Mlio wake ni mzito zaidi, wa chini chini, na mshale wa joto ulikaa katikati bila kutikisika. Nilipokuwa narudi, nikapita kona ya kanisa. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka, geti limefungwa. Nikasimama nje nikisubiri, injini inaunguruma. Ilibidi nipige honi.