Fulana Pana Hubanwa Kuanzia Begani

Mwaka jana kazini kwetu tuligawiwa fulana za bonanza la michezo na, kama ilivyo ada ya fulana za bure, zote zilikuwa XL. Yangu ilinikaa kama gunia lililotobolewa tundu la kichwa na mawili ya mikono. Nikaipeleka kwa fundi wa mtaani, nikamwambia, "Fundi, nibanie pembeni," naye akafanya hicho hicho nilichomwambia: akapitisha mshono mmoja ulionyooka kutoka kwapani hadi kwenye pindo. Kiunoni ikanikamata, lakini mabega yakabaki yameporomoka vilevile, na kila nilipoinua mkono, fulana nzima ilipanda nao hadi kitovu kikachungulia. Fundi simlaumu, kwa kuwa mimi ndiye niliyedhani kwamba upana wa fulana uko ubavuni.

Fulana nyingi za aina hii hutokana na kitambaa kilichofumwa kama bomba, kisicho na mshono wa ubavuni, ambacho hukatwa shingo na makwapa tu, kisha kikatiwa mikono. Bomba halijui kiuno, hivyo upana wa kifuani ndio upana wa pindoni. Tena kitambaa hicho hupenda kujisokota kikishafuliwa, ule mkunjo wa ubavuni ukahamia tumboni. Kwa sababu hiyo fulana ya pili, niliyopewa na mwenzangu ambaye hakuitaka, niliifua na kuianika kabla ya kushika mkasi, ili kama ni kusinyaa isinyae mapema. Nilipoikunja katikati nililinganisha bega kwa bega na kwapa kwa kwapa, nikaachana kabisa na mikunjo ya kiwandani.

Niliivaa ndani nje mbele ya kioo na kutia alama ya chaki kwenye ncha ya mfupa wa bega. Mshono wa mkono ulikuwa inchi 2 chini ya alama hiyo. Kifua changu ni inchi 36, na fulana ikilazwa mezani ilikuwa na upana wa inchi 23, maana yake mzunguko wa inchi 46. Nilitaka ibaki na nafasi ya inchi 2 za kupumulia, yaani mzunguko wa 38, au 19 ikiwa imelazwa. Kwa hiyo kila ubavu ulipaswa kuingia inchi 2, sawasawa na bega.

Kazi yenyewe iko kwapani. Niliifumua mikono kwa wembe, taratibu, kisha nikalaza juu yake fulana yangu nyingine ninayoipenda ambayo imekwisha kunizoea mwili, nikafuatisha kwa chaki mkato wake wa bega na kwapa. Hapo ndipo nilipoelewa kilichoniponza mara ya kwanza. Mkato wa kwapa huwa chini kabisa pale ubavuni na hupanda kadiri unavyoelekea kifuani, hivyo ukiingia ndani inchi 2 unakuta kitambaa kimepanda juu, na unaweza kuliinua kwapa. Langu lilipanda karibu inchi moja. Kwapa likiwa juu, mkono huinuka peke yake bila kuivuta fulana nzima. Mikono nayo niliikata upya kwa kigezo kile kile, bila kugusa pindo zake, kwa kuwa ilishapanda pamoja na bega.

Kabla ya cherehani nilipiga bandi kwa mkono, yaani mishono mirefu ya muda, nikaivaa, nikakaa, nikainama na kunyoosha mikono. Kiunoni niliibana zaidi kwa nusu inchi tu kila upande, kisha nikauachia mstari utanuke polepole kuelekea nyonga, kwani fulana inayobana sana tumboni hujikunja mikunjo ya kulala na kuonyesha kila ulichokula. Baada ya hapo nilishona mkono kwenye kwapa ubavu ukiwa bado wazi, ndipo nikafunga kwa mshono mmoja kutoka pindo la mkono, kupitia kwapani, hadi chini.

Sindano iwe ile yenye ncha ya mviringo, inayosukuma nyuzi kando, maana ile ya kawaida huzitoboa na kuacha vitundu vinavyofumuka. Uzi uwe wa poliesta na mshono uwe zigizaga nyembamba. Mwenye cherehani ya mshono ulionyooka peke yake akivute kitambaa kidogo tu anaposhona, la sivyo uzi utakatika siku ya kwanza ya kuvaa.

Pindo la chini sikuligusa, na ninakushauri uliache kama urefu unakufaa, kwa sababu ndipo kitambaa kinapofanya mawimbi. Ukilazimika kulikata, shonea juu ya ukanda wa karatasi nyembamba, kisha uuchane. Niliwahi kutumia gazeti katika fulana nyingine, nyeupe, wino ukahamia kwenye pindo.

Maandishi ya kifuani, yaliyochapwa kwa kumpimia mtu wa XL, sasa yamekaribia makwapa, lakini mabega yamekaa mahali pake. Ile ya kwanza nimeanza kuifumua jioni hizi. Fundi hakukata kitambaa kilichozidi, alikiacha chote ndani ya mshono.