Mtima na Mifuko Minne

Wapendwa, wiki hii tumekaa kwenye Zaburi 139, aya ya 13, pale mwandishi anapomshukuru Mungu aliyemuumba mtima. Katika Kiebrania, neno lililotafsiriwa "mtima" ni figo. Waebrania waliziona figo kuwa makao ya dhamira, mahali pa siri panapochunguliwa na Mungu peke yake.

Tumeichagua kwa ajili ya ndugu na dada zetu ambao figo zao zimeshindwa, na sasa wameanza kusafisha damu nyumbani kwa njia ya tumbo. Kazi iliyokuwa ikifanyika mafichoni bila mtu kuiwaza imehamia mezani. Inafanywa kwa mikono, kwa kawaida mara 4 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Tumboni mna utando mwembamba wenye mishipa midogo ya damu tele. Mrija laini hupachikwa kwa upasuaji, na mara nyingi kidonda huachwa kipone wiki 2 hivi kabla ya kazi kuanza. Maji ya dawa, mara nyingi lita 2, huingizwa kutoka kwenye mfuko na kukaa kwa muda wa saa 4 hadi 6 wakati wa mchana, yakivuta taka kutoka kwenye damu, kisha hutolewa na kuingizwa mapya. Sukari iliyomo ndiyo inayovuta maji ya ziada, na sehemu yake huingia mwilini, kwa hiyo mwenye kisukari azungumze na kliniki kuhusu dawa zake. Stima ikipotea kazi haisimami: mfuko mpya hutundikwa juu ya usawa wa bega, wa kutolea hukaa chini, na maji hujiendea yenyewe.

Sasa tukae kwenye kunawa, maana hapa ndipo uhai ulipo. Dirisha lifungwe, feni izimwe, mlango ufungwe, barakoa ivaliwe na mgonjwa na yeyote aliye naye chumbani. Mfuko ukaguliwe: tarehe, nguvu ya dawa, kama unavuja, kama maji ni maangavu. Mifereji ya Nairobi hukauka siku kadhaa, basi mtungi wa maji safi utengwe kwa kazi hii tu, na mtu amwagie kwa jagi. Mikono haitumbukizwi beseni. Sabuni ipite kila kidole, kila kucha, kisha mikono ikaushwe kabisa. Ndipo kifuniko cha mrija kifunguliwe. Ncha ile isiguse kitu: si kidole, si shati, si blanketi. Ikigusa, funga kibano cha mrija, usiingize maji, piga simu kliniki. Usijihurumie ukasema imegusa kidogo tu. Wadudu hawahitaji zaidi ya hapo.

Maji ya zamani yatoke kwanza, dakika 10 hadi 20. Kisha mrija ukiwa umefungwa upande wa tumbo, maji mapya yapitishwe moja kwa moja hadi mfuko wa kutolea huku ukihesabu mpaka 5, yafukuze hewa. Hewa ikiingia tumboni huuma begani, na wengi hushtuka wakidhani ni moyo.

Mfuko wa maji yaliyotoka ushike juu ya ukurasa wa Biblia au gazeti. Herufi zisomeke. Zisiposomeka kwa sababu maji yamekuwa kama ya kuoshea mchele, hata kama tumbo haliumi, nenda hospitalini siku hiyo hiyo na mfuko huo mkononi. Usingoje ibada iishe.

Na maji yakikataa kutoka? Kagua vibano na mikunjo ya mrija, geuka ubavu, simama utembee kidogo. Mara nyingi kosa ni choo kigumu: utumbo uliojaa husukuma mrija kando, na vidonge vya madini ya chuma huzidisha tatizo. Dawa ya kulainisha iandikwe na kliniki. Mwezi wa Julai, baridi ya asubuhi huyafanya maji yasokote tumbo. Yapashwe kwa joto kavu, kamwe si kwa kutumbukizwa maji ya moto, wala kwenye maikrowevu.

Kila asubuhi, maji yakishatoka, mgonjwa ajipime uzito na kuuandika pamoja na kiasi kilichotoka. Miguu ikivimba, au kizunguzungu kikija, daftari hilo ndilo daktari atalisoma.

Kanisa lina kazi hapa. Mifuko 4 kwa siku ni 120 kwa mwezi, zaidi ya kilo 240, na nyumba nyingi za Pipeline na Umoja hazina lifti. Vijana wabebe katoni hadi ghorofa ya nne. Wageni wabishe hodi na kungoja nje hadi mrija ufungwe. Protini hupotea katika kila mfuko, kwa hiyo mayai na kuku vinafaa kuliko kreti ya soda.

Tena, tunasema hili kwa uchungu: asiwepo wa kumwambia mgonjwa aiache mifuko ili kuonyesha imani. Taka na maji vitamjaa katika siku chache. Mwombee uponyaji kwa moyo wote, kisha mshikie jagi anawe.

Mfuko wa mwisho huunganishwa kabla ya kulala, na maji yake hukaa usiku kucha. Zaburi 16, aya ya 7, inasema mtima humfundisha mtu usiku. Hapo pia Kiebrania ni figo. Mrija ukishafungwa, nyumba nzima iisome, kisha tuombe:

Bwana, uliyeziumba figo hizi na unajua zilipochoka, itulize mikono inayofungua kifuniko alfajiri. Utupe maji mferejini. Kesho mfuko utoke maangavu, na herufi zisomeke. Amina.