Kwa Mguu Hadi Njia Panda ya Karen

Nauli ya Karen, mtaa wa Nairobi, hupanda na wingu. Nilipofika steji konda alikuwa akiita 100. Matone ya kwanza yalipogonga paa la matatu ikawa 200, na abiria hatukushuka kwa sababu hakukuwa na gari jingine. Nililipa. Nilikuwa nimetoka Kilifi kwa basi la usiku, kiti hakilali, miguu imevimba, na chumba nilichopata mjini kilinitoza pesa ya hoteli nzuri kwa maji ya moto ambayo hayakutoka.

Nilifuata mauaji ya zamani. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari 1941, yapata saa tisa, Waafrika wawili waliokuwa wakisafirisha maziwa walikuta gari aina ya Buick limeingia kwenye shimo la kuchimbia murram, yaani changarawe ya barabara, karibu na makutano ya barabara za Ngong na Karen, taa zinawaka. Ndani, chini ya dashibodi, mlikuwa na mwanamume amejikunja, amepigwa risasi kichwani karibu na sikio. Alikuwa Josslyn Hay, Lord Erroll, umri wa miaka 39, mmoja wa Wazungu waliojulikana zaidi katika koloni la Kenya. Aliyeshtakiwa ni Sir Jock Delves Broughton, ambaye mkewe, Diana, alikuwa na mapenzi na marehemu, mapenzi ambayo Nairobi yote ya Wazungu iliyajua. Juri, yaani raia walioteuliwa kuamua kesi, ilimwachilia huru, na tangu siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyepandishwa kizimbani kwa damu ile.

Nimeisoma kesi hii tangu nikiwa sekondari. Nilitaka kupima jambo moja kwa miguu yangu.

Broughton na Diana walikaa katika nyumba moja Karen, umbali wa kilomita nne hivi kutoka njia panda ambako gari lilikutwa. Sikuwa na nia ya kusumbua wenye nyumba wa leo. Nilitaka tu kusimama kwenye njia ile, kisha nitembee hadi njia pandani nikitazama saa. Lakini njia nyingi za ndani za Karen siku hizi zina kizuizi na walinzi. Kijana aliyekuwa langoni alikuwa mpole: "Madamu, acha kitambulisho, andika jina hapa, ukirudi unachukua." Kisanduku kilikuwa kimejaa vitambulisho vya mafundi waliokuja kujenga ukuta mahali, basi akatia changu katika mfuko wa shati. Nikaingia, nikatazama miti na kuta, nikarudi baada ya muda mfupi. Kijana hayupo. Gari la msimamizi lilikuwa limepita na kumhamishia lindo jingine upande wa Lang'ata, na kitambulisho changu kimo mfukoni mwake.

Aliyebaki langoni alikuwa mzee wa makamo, mvi zimeanza kumwota kidevuni. Alipiga simu, ikaita bila kupokelewa. Akapiga kwa msimamizi, akaambiwa asubiri. Nilikasirika, na nilisema maneno makali ambayo hayakumstahili yeye. Ulinzi wote huu, mageti, vitabu vya wageni, halafu kitambulisho cha mtu kinasafiri kama chenji! Mzee hakunijibu kwa hasira. Alinivutia kiti cha plastiki, akakipangusa matone kwa kiganja, akasema, "Kaa, binti yangu. Kitarudi. Ulikuwa unamtafuta nani humu?"

Nikamwambia. Na kwa kuwa tulikaa pale toka adhuhuri hadi jua lilipoanza kuinama, nilimwambia yote.

Nilimweleza kwamba Broughton, mwenye miaka 57, alimwoa Diana, binti wa miaka 27, huko Durban mwezi Novemba 1940, na kabla ya mwezi huo kwisha tayari wako Kenya. Walikuwa na makubaliano: Diana akipenda kijana mwingine, mumewe hatamzuia, na atampa pauni 5,000 kila mwaka. Mzee aliposikia hivyo alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Tarehe 21 Januari Broughton aliripoti polisi kwamba bastola zake mbili zimeibiwa nyumbani. Usiku wa tarehe 23 walikula chakula klabuni Muthaiga, yeye, Diana, Erroll na rafiki yao June Carberry, na mezani Broughton akanyanyua glasi kuwatakia heri mkewe na mpenzi wake. Kisha Erroll na Diana wakaenda kucheza dansi, kwa sharti kwamba bibi arudishwe nyumbani kufikia saa tisa. Erroll alimrudisha kabla ya muda huo, akaondoka na Buick yake. Muda mfupi baadaye alikuwa maiti.

"Mtu akitoka usiku kwenye nyumba hizi," mzee akasema, "wa kwanza kujua ni sisi. Tajiri hajui. Sisi tunajua."

Nimelifikiria neno hilo tangu siku ile. Katika masimulizi yote niliyosoma, wale watu wa maziwa hupewa nusu ya sentensi. Wanakuta gari, wanatoa taarifa, wanapotea. Baada yao ndipo habari zinaanza: nani alilala na nani, nani alivaa nini, nani alikunywa kiasi gani. Wao ndio waliosimama kwenye giza lile mbele ya taa za gari, na ndio walioiona barabara kabla haijakanyagwa na watu wengine.

Kesi ilianza tarehe 26 Mei 1941 mbele ya Jaji Mkuu Joseph Sheridan. Mwanasheria Mkuu wa koloni, Walter Harragin, aliendesha mashtaka mwenyewe. Upande wa utetezi walimleta Harry Morris kutoka Johannesburg kwa ada ya pauni 5,000, kiasi kilekile Diana alichoahidiwa kwa mwaka. Mzee aliniuliza waliohukumu walikuwa akina nani. Nikamwambia ilikuwa juri ya Wazungu watupu. Mwafrika aliyeshtakiwa kwa kosa lilelile hakuwa na juri. Alihukumiwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza, ambao maoni yao jaji hakulazimika kuyafuata. Kamba ilikuwa moja, njia za kuifikia zilikuwa mbili.

Kilichomwokoa Broughton ni risasi. Upande wa mashtaka ulisema risasi za mauaji zilifanana na nyingine zilizookotwa kwenye shamba moja Nanyuki, ambako Broughton alikuwa amefanya mazoezi ya kulenga shabaha. Basi hoja yao ikawa kwamba bastola ni ileile, na kwamba wizi ulioripotiwa ulikuwa wa kutunga. Morris akawabana wataalamu. Bastola zilizoandikishwa kwa jina la Broughton zilikuwa aina ya Colt. Mtutu wa Colt una mifereji sita inayozunguka kushoto. Risasi za mauaji zilikuwa na alama za mifereji mitano inayozunguka kulia. Risasi hizo zingeweza kutoka kwenye Colt? Zisingeweza. Hapo kesi ilikuwa imekwisha, na Morris alikuwa na hakika kiasi kwamba aliondoka Kenya kabla uamuzi haujatolewa. Tarehe 1 Julai Broughton akatoka huru.

"Kwa hiyo si yeye," mzee akasema.

Nikamjibu kwamba bastola ile haikuthibitishwa kuwa yake. Hayo ni mambo mawili, na mimi nasimama hapo hadi leo. Juri ile, pamoja na ubaguzi wa kuiunda kwake, iliamua sawasawa kwa ushahidi uliowekwa mbele yake. Mtu hanyongwi kwa sababu alikuwa na wivu.

Kitambulisho kilirudi kwa bodaboda, na bodaboda huyo akanidai shilingi 300. Nilibishana naye hadi mzee akaingilia kati na tukamalizana kwa 150. Bado naona ni dhuluma: nimelipia kosa la mtu mwingine, na hapana kampuni iliyoniomba radhi. Lakini nilipomuuliza mzee njia ya kwenda njia panda kwa mguu, alinipa kilichozidi pesa ile. "Mimi naitembea kila siku asubuhi na jioni," alisema. "Nauli ikishapanda, natembea. Ukikaza mwendo ni kama dakika 50. Mguu ukiwa mbovu, saa nzima na zaidi."

Nikaitembea. Mvua ilikuwa imekata, kando ya lami udongo ni mwekundu na unateleza, viatu vyangu vikawa vizito kwa tope. Karen haina njia ya waenda kwa miguu sehemu nyingi. Unatembea kwenye ukingo, magari makubwa yanakurushia maji. Nilikaza mwendo, sina kilema, kulikuwa na mwanga, na nilitumia dakika zilezile alizozitaja mzee.

Sasa piga hesabu. Erroll alifika na Diana nyumbani baada ya saa nane na robo hivi usiku. Gari lilikutwa yapata saa tisa. June Carberry, aliyelala nyumbani humo, alieleza kwamba Broughton alibisha mlango wake kama saa nane kumjulia hali, kisha akabisha tena saa tisa na nusu. Kama yeye ndiye muuaji, alishuka bila kuonekana, akajificha ndani ya gari au akaingia kwa hila, akaua njia pandani, kisha akarudi kilomita nne gizani, mtu wa miaka 57 aliyechechemea, na akawa mlangoni kwa June bila kutweta. Nimeitembea njia ile na naona ni vigumu mno. Kama alirudi, mtu alimrudisha kwa gari. Na kama alirudishwa, kuna mtu wa pili aliyekufa bila kusema.

Njia pandani hapana alama yoyote. Kuna maduka, magari yamebanana, watu wanauza miche ya maua. Nilikunywa chai hapo kwa bei ambayo Kilifi ningekula samaki na wali.

Naivasha nilikwenda na kurudi. Nyumba ya Erroll kando ya ziwa haikaribiki na msafiri wa kawaida, na wenye mashua walinitajia bei za watalii hata nilipoongea Kiswahili cha nyumbani. Nilikaa kidogo ufukoni nikaondoka.

Kiambu ndiko nilikolipwa uchovu wangu. Erroll amezikwa kwenye kanisa la Mtakatifu Paulo, kando ya mkewe Mary, aliyefariki 1939. Mtu aliyekuwa akifyeka nyasi aliacha panga lake, akanisindikiza hadi kaburini bila kudai kitu. Akaniambia watu huja, wengi Wazungu, wanapiga picha na kuulizana ni nani aliyeua. Kila mmoja huja na jibu lake. Wengine husema ni Broughton tu. Ni kweli kwamba Juanita Carberry, aliyekuwa na miaka 15 wakati ule, alieleza uzeeni kwamba Broughton alikiri kwake. Wengine husema ni mpenzi aliyeachwa. Wengine wanataja majasusi wa Uingereza, kwa kuwa Erroll aliwahi kujiunga na chama cha wafashisti mwaka 1934. Broughton mwenyewe alirudi Uingereza, na Desemba 1942 akafa hotelini Liverpool kwa dawa aliyojidunga. Diana alibaki Kenya, akaolewa mara mbili zaidi, akafariki 1987.

Nilisimama pale na nikamkumbuka mjomba wa mama yangu.

Yeye alikuwa mzee wa mvi nyeupe kabisa, mkulima wa minazi ndani ya Kilifi. Walimsingizia uchawi baada ya mtoto wa jirani kuugua, na asubuhi moja akakutwa shambani amekatwakatwa. Kwetu hilo si jambo la ajabu, na ndicho kinachoniuma. Wazee wanauawa kwa neno la uchawi, na nyuma ya neno hilo mara nyingi kuna ardhi. Ganze kuna mahali, Kaya Godoma, wanapokimbilia wazee waliotishiwa hivyo, wakaishi mbali na mashamba waliyoyapanda wenyewe. Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Hapana mtaalamu aliyeletwa, hapana aliyeuliza nani alipita njia ile usiku. Panga lilikuwa pale pale. Watu walilijua ni la nani.

Mwanamume mmoja tajiri ameuawa, na zaidi ya miaka 80 baadaye watu wanavuka bahari kuhesabu mifereji ya risasi. Sisemi wasihesabu. Kila aliyeuawa anastahili kuhesabiwa hivyo, na mimi mwenyewe nimetumia pesa ya karo kuja kuhesabu. Lakini nilihesabu dakika za mguu wa Broughton, na sijawahi kutembea kutoka nyumba ya mwenye panga lile hadi shamba la mjomba, ingawa najua si mbali.

Basi la kurudi liliharibika Mtito Andei. Tulikaa nje hadi kukapambazuka, chai ya maziwa kibandani bei mara mbili, na hakuna aliyeturudishia hata senti. Hapo ndipo nilipompigia mama. Nikamuuliza kama ile karatasi yenye namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, bado ipo.

"Ya nini sasa, mwanangu?"

Nikamwambia nataka kwenda kituoni kuuliza faili liko wapi, na nani anashughulika nalo, na kama hakuna, nani alilifunga. Akasema karatasi iko ndani ya sanduku, pamoja na hati ya shamba, na kwamba Jumatatu ataacha kwenda sokoni tufuatane sote wawili.