Ukitoka Mlimba Usilale

Stesheni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, jijini Dar es Salaam ni kubwa kiasi cha kukufanya uhisi umechelewa hata kama umewahi. Nilikuwa na tiketi ya daraja la pili kwenda Mbeya, chumba cha vitanda sita, wanaume tu, maana wanawake wana vyumba vyao. Nikakimbilia kitanda cha juu kabisa. Ujinga wangu: ukiwa huko juu unaona dari, huoni dirisha.

Jioni tulikatiza Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambayo wengi bado tunaiita Selous. Abiria walijazana kwenye korido, vichwa nje. Twiga watatu walishangiliwa kama timu imefunga bao. Swala walikuwa wengi mno, baada ya muda hakuna aliyewajali. Giza lilipoingia nikapanda kulala, nikijua nimeshaona nilichofuata.

Aliyeniamsha ni mzee wa kitanda cha chini, kwa kunivuta dole gumba la mguu.

"Kijana, umelipa nauli uje ulale? Mlimba tumeshaiacha."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shuka, kaa hapa."

Kulikuwa kunapambazuka. Ujanani mzee huyu alivunja mawe kwenye kipande hiki hiki, pamoja na Wachina. Kutoka Mlimba, kwenye bonde la Kilombero, reli inapanda zaidi ya mita 1,000 hadi Makambako. Njia nzima, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, ina mahandaki 22, na mengi yamebanana humu. Kila tulipoingia handaki, mngurumo ulitufunika na harufu ya dizeli ikaingia dirishani. Tukitoka, mzee anakunja kidole kimoja. Vidole vyake vilipokwisha akaushika mkono wangu, akaendelea na vyangu.

Kwenye daraja la Mpanga alinyamaza. Nilichungulia chini nikarudisha kichwa haraka. Mbele, kwenye kona, niliiona injini yetu wenyewe ikiparamia mlima, kama treni ya watu wengine.

Zambia ilitaka kupitisha shaba yake bila kuitegemea Rhodesia ya walowezi, Zimbabwe ya leo. Benki ya Dunia iliona reli hii haina faida; China ikatoa mkopo usio na riba, ujenzi ukaanza 1970, reli ikakabidhiwa 1976. Nilimuuliza mzee kama wakati ule waliamini italipa.

"Sikuuliza. Mimi nililipwa, nikanunua baiskeli."

Makambako ilitupokea na baridi. Akina mama walipita chini ya madirisha na mabeseni ya viazi vya kuchemsha, vikifuka mvuke. Mzee akavaa koti, akateremsha begi lake, akakipiga kitanda chake kofi mara mbili.

"Haya, sasa unaweza kulala."

Nikanunua viazi, nikakaa palepale dirishani.